Mshenga Haendi Mbali: Chavua na Ujirani wa Miti ya Chwaka

Wakulima wa tufaha la nchi za baridi, ambalo si lile tufaa letu la Unguja, wanajua tangu zamani kwamba mtufaha aghalabu hauzai vyema kwa unga wa maua ya jinsi yake wenyewe, bali hutaka mti wa jinsi nyingine usimame jirani yake. Na kwa ajili hiyo walizoea kupanda mti wa kuchavusha katika nafasi ya tatu ya kila safu ya tatu, yaani mti 1 katika kila miti 9, ili usiwepo mtufaha hata mmoja usiopakana na mchavushaji. Chavua ya mtufaha ni nzito tena yanata, upepo hauiwezi; na nyuki, ijapokuwa aweza kuruka kilomita kadha wa kadha kutafuta riziki, akishafika shambani hutoka ua hili akaingia lililo karibu, hata sehemu kubwa ya mzigo wake ikaishia kwa jirani.

Sisi wa Chwaka hatuna mitufaha, lakini tunao msitu wa pwani uliozunguka hori ya Mapopwe, ambao tangu mwaka 2004 umo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na humo kila mti una mshenga wake. Mkoko huuamini upepo, nao hutoa unga mwingi mwepesi. Muia huuficha unga wake ndani ya petali zilizokazwa mithili ya mtego, na ndege chozi atiapo mdomo kutafuta asali, petali hufyatuka zikamrushia unga usoni. Mlilana hufungua maua yake meupe magharibi, ukawakirimu popo na nondo usiku kucha, na kulipopambazuka nyuzi za ua huwa zimekwisha kupukutika. Mchu nao ni kipenzi cha nyuki.

Washenga hawa wote, kila mmoja kwa tabia yake, huanza kwa aliye karibu. Mche wa mkoko, ulioota ungali juu ya mama yake, huanguka ukachukuliwa na maji hata pwani ya mbali. Ama posa yake haina budi ifungwe nyumbani, baina ya miti inayopakana. Mchu waweza kujichavusha wenyewe, lakini matunda yake hupungua.

Kwa hiyo aendaye kukata boriti asitazame tu hesabu ya miti anayoibakisha, bali na masafa yaliyopo baina yake. Na tupandapo upya, tusipande mkoko peke yake tukausahau mchu na mlilana, kwani nyuki na popo hawatakuja pasipo karamu, na mti ulioachwa pweke katikati ya tope, hata ukichanua vipi, umekatiwa jamaa zake.