Mashine ya Mbao kwa Bei Rahisi: Hesabu Kwanza, Fedha Baadaye

Hapana fundi seremala asiyetamani mashine. Mtu aliyepasua mbao ngumu kwa msumeno wa mkono tangu asubuhi hata adhuhuri, kisha akapita penye karakana ya mwenzake na kuona kazi ile ile ikimalizika kwa dakika chache, hawezi kukosa kuingiwa na hamu. Lakini mashine mpya ni ghali, na maseremala wengi wa Kenya hawana fedha za kuinunua kwa mara moja. Ndiyo sababu wengi hutafuta mashine zilizokwisha kutumika, na wasikiapo kwamba moja inauzwa kwa nusu ya bei au chini yake, huiendea mbio fedha zikiwa mkononi.

Si vibaya kununua mashine kuukuu. Mara nyingine ni busara kuliko kununua mpya. Lakini fedha hizo aghalabu ni akiba ya miaka mingi, au ni karo ya watoto iliyoazimwa kwa muda, au ni mkopo wa chama cha akiba ambao wadhamini wake ni majirani. Zikipotea, haziumizi mtu mmoja. Basi yafaa kujua jambo moja kabla ya mengine yote: bei anayoitaja muuzaji siyo bei ya mashine. Bei ya mashine ni jumla ya fedha zote zitakazotoka mpaka siku itakapopasua ubao wa kwanza ndani ya karakana ya mnunuzi.

Kwa Nini Yauzwa Rahisi?

Kila kitu kiuzwacho rahisi kina sababu, na kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kuitafuta. Ziko sababu njema. Pengine mwenye karakana amezeeka na watoto wake hawataki kazi ya mbao. Pengine shule imepata mashine mpya. Pengine kiwanda kimefungwa. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikaendelea mpaka Julai 2023, Rais alipotangaza kuiondoa. Katika miaka ile viwanda vingi vya kupasua mbao vilisimama. Mashine ya kiwanda cha namna hiyo yaweza kuonekana nzima, lakini mashine iliyosimama miaka mitano haikuwa ikipumzika. Kutu huingia katika beringi, unyevu huingia ndani ya mota, na panya hutafuna nyaya.

Ziko pia sababu mbaya: mashine imevunjika mahali pasipoonekana, au haipatani na umeme uliopo, au si mali ya huyo anayeiuza. Muuzaji asiyeweza kueleza mashine aliipata wapi, au anayemharakisha mnunuzi kwa kusema kwamba wengine watatu wako njiani, amekwisha kusema mengi bila kujua.

Kuukagua Mwili Wake

Mashine nyingi za zamani za Kiingereza, kama zile za Wadkin wa Leicester, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1897, zilitengenezwa kwa chuma kizito kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Uzito huo ni faida kubwa, maana mashine nzito haitetemeki sana, na isiyotetemeka hutoa ubao laini. Lakini chuma cha namna hii kikipata ufa, kukiunga kwa moto ni kazi ngumu ambayo si kila fundi wa kuchomelea aiwezaye. Kwa hiyo mnunuzi na achukue tochi na kitambaa, afute mafuta na vumbi, kisha atazame kila pembe na kila mahali penye bolti. Rangi mpya juu ya mashine kuukuu isimfurahishe. Yaweza kuwa imepakwa ili kuficha ufa.

Baada ya hapo na aweke rula ndefu ya chuma juu ya meza ya mashine, kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hata pembe. Nuru ikipita chini ya rula, meza imepinda, na randa yenye meza iliyopinda haiwezi kunyosha ubao. Kutu ya juu si neno. Huondoka kwa msasa na mafuta. Kutu iliyokula mashimo ni jambo jingine.

Kisha mkanda uondolewe, na shafti izungushwe kwa mkono. Ikizunguka kimya na kwa ulaini, ni vema. Ikikwaruza kama iliyo na mchanga ndani, beringi zimekwisha. Hili peke yake lisimfukuze mnunuzi. Beringi huandikwa nambari ubavuni, na mwenye nambari hiyo aweza kupata nyingine dukani bila kuwa na ile ya zamani. Kwa mfano, beringi yenye nambari 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje wa milimita 47 na unene wa milimita 14, hata ikiwa imetengenezwa nchi gani. Lakini shafti yenyewe ikiwa imepinda au imelika mahali inapokaa beringi, hapo gharama huwa nyingine, kwa kuwa itahitaji kazi ya mtu wa kerezo.

Tena yafaa kukumbuka kwamba mashine za Kiingereza za zamani zilifungwa kwa bolti za kipimo cha inchi. Spana za milimita hazitashika vizuri, na bolti ikipotea huenda ikabidi kuchongwa. Vivyo hivyo msumeno wa duara: tundu lake la katikati sharti lilingane na shafti, wala si busara kulipanua kwa tupa.

Mota na Umeme

Hapa ndipo wengi hupotezea fedha zao. Juu ya kila mota kuna kibati kilichoandikwa volti, fezi, mizunguko ya umeme kwa sekunde, nguvu, na mwendo. Nchini Kenya umeme wa nyumbani ni wa fezi moja, volti 240, na wa viwandani ni wa fezi tatu, volti 415. Yote miwili ina mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine kubwa za viwandani karibu zote hutaka fezi tatu. Mtu mwenye fezi moja tu akiinunua, atalazimika kuomba njia mpya kwa Kenya Power, au kubadili mota, au kununua chombo cha kugeuza umeme. Gharama hizo zaweza kuipita bei ya mashine yenyewe.

Mashine zitokazo Marekani zina shida yake. Umeme wa huko una mizunguko 60, na wa nyumbani ni volti 120. Mota ya volti 120 ikitiwa katika volti 240 itaungua mara moja. Na hata ile ambayo volti zake zinalingana, ikiwa kibati chasema mwendo wa 1,750 kwa dakika, Kenya itakwenda karibu 1,450, yaani sehemu tano katika sita.

Kibati kikiwa kimeng'olewa, mnunuzi asikubali maneno matupu. Na ainuse mota kama ina harufu ya kuungua, kisha aombe iwashwe na ipasue mbao mbele yake, tena ubao mnene, si kipande cha sanduku. Muuzaji akisema hapana umeme siku hiyo, basi na arudi siku utakapokuwapo.

Vidole vya Fundi

Mashine nyingi kuukuu huuzwa bila vifuniko vyake, kwa kuwa mafundi wa kwanza waliviona ni usumbufu wakavitupa. Msumeno wa duara sharti uwe na kifuniko juu, na nyuma yake kipande cha chuma kinachozuia ubao usiubane msumeno na kurushwa kifuani mwa fundi. Randa za kale sana zilikuwa na kichwa cha visu chenye pembe nne. Hicho huvuta mkono ndani, na randa ya namna hiyo haifai kununuliwa hata kwa shilingi moja. Kichwa cha mviringo ndicho salama zaidi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka sehemu za hatari za mashine zizibwe, na mwenye karakana ana wajibu huo. Hata vumbi si la kudharauliwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo ugonjwa huo. Kwa hiyo kifuniko na njia ya kutolea vumbi ni sehemu ya bei.

Hesabu Kamili

Mfano mmoja utalionyesha jambo hili, ingawa bei hutofautiana mahali na mahali. Fundi anaambiwa mashine ni shilingi 60,000. Lori na wapakiaji wanataka 12,000. Beringi ni 6,000, mota ya fezi moja 25,000, nyaya na swichi 8,000, visu vipya 7,000, na vifuniko 5,000. Jumla ni shilingi 123,000, zaidi ya mara mbili ya bei aliyotajiwa. Ikiwa mashine itamletea faida ya shilingi 3,000 kila juma, alidhani atarudisha fedha zake kwa majuma 20. Kumbe ni majuma 41. Pengine hata hivyo yafaa kununuliwa. Lakini aliyehesabu mapema hununua akijua, na huweza kumwonyesha muuzaji karatasi yake na kupunguziwa bei.

Hati na Mnada

Idara za Serikali huuza vitu vyao vikuukuu kwa zabuni au kwa mnada, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma. Minada hiyo yaweza kuwa na bahati njema, lakini kitu huuzwa kama kilivyo na mahali kilipo. Anayekwenda huko na aandike nyumbani kiasi cha mwisho atakachotoa, asikipite hata mwenzake akimcheka.

Yafaa pia kujua kwamba kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Basi asikague nusu. Na aende na fundi wa mashine na fundi wa umeme, awalipe siku yao. Ujira wao ni mdogo kuliko hasara. Mwisho, na adai hati ya mauzo yenye majina, nambari za vitambulisho, tarehe, na nambari iliyochongwa katika mashine, ili siku akija mwenyewe wa kweli, mnunuzi asiitwe mwizi.

Wazee walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Mashine kuukuu iliyokaguliwa vizuri yaweza kumlisha fundi, na mwanawe baada yake. Ile iliyonunuliwa kwa pupa hubaki nyuma ya nyumba, kuku wakilala juu yake, na deni lake likiendelea kulipwa kila mwezi.