Makohozi Hutoka, Vumbi Hubaki

Kwenye makarasha (mashine za kusagia mawe) ya Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, na hata upande wa Kahama, wachimbaji huambiana kwamba maziwa yanasafisha mapafu. Hayasafishi. Maziwa huenda tumboni. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika nyingi, nayo huzama kwenye vifuko vya hewa na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, wala mazoezi ya kifua hayauondoi. Lakini mwenye silikosisi hushikwa upesi na kifua kikuu, na hata akipona anaweza kubaki na mirija ya hewa iliyotanuka, ambamo makohozi hutuama na vijidudu huzaliana. Hapo ndipo mfiziotherapia ana kazi.

Wengi hukohoa kwa nguvu zote wakidhani ndivyo kohozi litakavyong'oka. Mirija iliyoharibika hujibana kwa kishindo hicho na kulifungia kohozi ndani. Afadhali ukae, upumue polepole kwa tumbo mpaka mabega yatulie. Vuta pumzi ndefu 3 au 4, kila moja uishikilie kama sekunde 3 ili hewa ipenye nyuma ya kohozi. Kisha achama, usukume nje pumzi ya wastani, "haa", kama unayetia kioo ukungu. Hiyo hulipandisha kohozi la chini. Likifika juu, vuta pumzi kubwa na usukume tena, au kohoa mara moja. Pumzika, rudia.

Kulala ubavu, pafu lenye makohozi likiwa juu, kunasaidia pia, ila si mara baada ya kula. Kupigwapigwa mgongoni kwa viganja, jambo ambalo ndugu wa mgonjwa hulipenda sana, kunamfaa aliyedhoofu. Anayejua kusukuma pumzi mwenyewe hakuhitaji.

Kifaa cha kusaidia mazoezi haya ni rahisi: chupa yenye maji ya kina cha sentimita 10 na mpira wa kupulizia. Ukipuliza, ukinzani wa maji huiweka mirija wazi. Mdomo wa chupa usizibwe, pumzi ivutwe kwa pua, maji yabadilishwe kila siku.

Fanyia nje, mbali na watoto, uteme kwenye kopo lenye kifuniko. Ukiona damu, acha uende hospitali. Na wewe uliyekohoa wiki 2, usianze na mazoezi: peleka kwanza makohozi yapimwe. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali.