SAT kwa Mtoto wa Kiambere: Kulipa, Kutuma au Kuacha

Aliyemaliza KCSE na anataka kusomea Kenya hana uamuzi wa kufanya kuhusu alama zake. KUCCPS, inayopanga nafasi za vyuo, huzipata kutoka baraza la mitihani, KNEC, ada ya maombi ni shilingi 1,500, na Chuo Kikuu cha Embu hakiko mbali na nyumbani Kiambere. Anayeomba vyuo vya Marekani ndiye anayekabiliwa na mtihani wa pili, SAT.

Ada yake kwa mtahiniwa aliye Kenya ni dola 111, zaidi ya shilingi 14,000. Hapo hujalipa matatu ya kwenda Embu, nyingine ya Nairobi, wala malazi ya usiku wa kuamkia mtihani. Kwa familia inayotegemea ndengu na muguka, mbuzi kadhaa watauzwa. Kwa hiyo mzazi, usitoe hata shilingi kabla mtoto hajajua vyuo anavyoomba vinadai nini.

Chuo cha Bowdoin hakijalazimisha mtihani huu tangu 1969, na siku hizi hakimkatai mwanafunzi wa kigeni kwa kukosa karo. Ukilenga huko, baki na pesa zako. MIT iliurudisha kuwa wa lazima 2022. Harvard iliurudisha 2024, lakini pale SAT isipofikika kabisa, hupokea matokeo ya mtihani wa kitaifa, na KCSE ni mtihani wa namna hiyo. Waandikie uwaulize, kuuliza ni bure.

Kwa aliyekwisha kuufanya, hesabu ni nyingine. Wengi hutazama alama za waliokubaliwa, wakiona zao ziko chini kidogo huzificha. Mwaka 2024 Dartmouth ilieleza kuwa wanafunzi kutoka mazingira magumu walikuwa wakificha alama ambazo zingewafaa, kwa sababu maofisa huzipima kwa kuangalia shule mtu alikotoka. Alama 1400 kati ya 1600 kutoka shule ya kutwa kando ya bwawa la Kiambere ni ushahidi mzito wa uwezo. Itume! Kama alama ni za chini kabisa na KCSE yako ni A, na chuo hakilazimishi, tuma KCSE peke yake.

Tuisheni ya SAT usilipie, maana mazoezi rasmi yako bure kwenye tovuti ya Khan Academy. Vyuo vingi pia hukuruhusu kujaza alama mwenyewe kwenye fomu, ukalipia ripoti rasmi baada ya kukubaliwa. Soma masharti ya kila chuo kwanza, ndipo ujisajili.