Wafilisti

Wafilisti walikuwa watu wa kale walioishi katika pwani ya kusini-magharibi ya Kanaani, kwenye eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Israeli na Ukanda wa Gaza, kuanzia karne ya 12 KK hadi mwishoni mwa karne ya 7 KK. Miji yao mikuu ilikuwa mitano: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi.

Kwa muda mrefu walijulikana hasa kupitia Biblia, inayowataja kama maadui wa Waisraeli katika habari za Samsoni, Sauli na Daudi. Katika lugha kadhaa za Ulaya jina lao limekuwa tusi kwa mtu asiyejali elimu wala sanaa. Akiolojia imeonyesha picha tofauti: walikuwa wafinyanzi hodari, wajenzi wa miji na wafanyabiashara, na uhusiano wao na Waisraeli haukuwa wa vita tu.

Asili

Kuta za hekalu la Farao Ramses III huko Medinet Habu, Misri, zina picha na maandishi kuhusu vita vyake dhidi ya makundi yaliyotoka upande wa bahari, mnamo mwaka 1175 KK hivi. Kundi mojawapo linaitwa Peleset, na wataalamu wengi wanakubali kwamba ndio Wafilisti. Biblia yenyewe inasema walitoka Kaftori, mahali panapodhaniwa kuwa kisiwa cha Krete.

Katika tabaka za karne ya 12 KK huko Ashdodi, Ashkeloni na Ekroni vimepatikana vyombo vya udongo vya mtindo wa Ugiriki ya kale, lakini vilivyofinyangwa kwa udongo wa palepale. Maana yake havikuletwa na wafanyabiashara; vilitengenezwa na watu waliohamia na ujuzi wao. Baadaye vilifuata vyombo vyenye michoro myeusi na myekundu, hasa ya ndege, ambavyo vilichanganya mitindo ya Ugiriki, Misri na Kanaani.

Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa DNA ya mifupa ya watu 10 kutoka Ashkeloni. Watoto wachanga waliozikwa mwanzoni mwa Enzi ya Chuma walikuwa na sehemu ya nasaba kutoka kusini mwa Ulaya. Katika mifupa ya karne chache baadaye dalili hiyo haikuonekana tena, kwa sababu wahamiaji walikuwa wameoana na wenyeji.

Chakula na mpaka

Katika miji mikubwa ya Wafilisti mifupa ya nguruwe ni mingi, kumbe katika vijiji vya Waisraeli vya milimani ni nadra sana. Hata hivyo mifupa hiyo peke yake haitoshi kumtambulisha Mfilisti: katika vijiji vidogo vya Wafilisti nguruwe walikuwa wachache, na katika baadhi ya miji ya ufalme wa Israeli wa kaskazini waliliwa kwa kiasi fulani katika karne ya 8 KK.

Mji wa Beth-shemeshi, uliokuwa mpakani, unasaidia kuelewa jambo hilo. Wakazi wake walitumia vyombo kadhaa vya Kifilisti, lakini karibu hawakula nguruwe kabisa. Wachimbaji wake walipendekeza kwamba kukaa jirani na Wafilisti ndiko kulikowafanya watu wa upande wa pili washike zaidi desturi zilizowatofautisha.

Vita na biashara

Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinasimulia kwamba Waisraeli hawakuwa na wahunzi, hivyo walipeleka majembe yao kunolewa kwa Wafilisti, wakilipa pimu. Neno hilo halipatikani penginepo katika Biblia, na maana yake ilieleweka tu baada ya kuchimbuliwa mawe ya kupimia yaliyoandikwa neno hilo, yenye uzito wa gramu 8 hivi, yaani karibu thuluthi mbili za shekeli.

Gathi, mji wa Goliathi katika Biblia, unatambuliwa na kilima cha Tell es-Safi. Mwaka 2005 kilitangazwa kipande cha chungu kilichopatikana hapo, chenye majina mawili yanayofanana kwa sauti na Goliathi. Hakimtaji shujaa huyo, ila kinaonyesha kuwa majina ya namna hiyo yalitumika huko. Handaki kubwa lililouzunguka mji linahusishwa na Hazaeli, mfalme wa Aramu, ambaye kadiri ya Kitabu cha Pili cha Wafalme aliuteka Gathi.

Ekroni ulistawi chini ya himaya ya Ashuru. Kumbukumbu za Senakeribu zinasema kwamba Padi, mfalme wa Ekroni, alifungwa Yerusalemu na mfalme Hezekia, kisha akarudishwa kwenye kiti chake wakati wa vita vya mwaka 701 KK. Mwaka 1996 lilipatikana huko Ekroni jiwe la hekalu lililowekwa na Akishi, mwana wa Padi huyo. Jina Akishi ni lilelile la mfalme wa Gathi aliyempokea Daudi alipomkimbia Sauli. Jiwe hilo limeandikwa kwa lugha ya Kisemiti iliyo karibu na Kifinisia na Kiebrania, ingawa mungu wa kike anayetajwa huenda alikuwa na asili ya Ugiriki. Mjini humo vimepatikana pia vinu zaidi ya 100 vya kukamulia mafuta ya zeituni.

Mwisho

Mwaka 604 KK Nebukadreza II wa Babeli aliangamiza Ashkeloni, na Ekroni uliharibiwa katika kipindi hichohicho. Wakazi wengi walipelekwa uhamishoni, kama ilivyowapata Wayahudi miaka michache baadaye. Tofauti na hao, Wafilisti hawakuonekana tena kama taifa. Jina lao lilibaki katika neno Palestina, lililotumiwa na Herodoto katika karne ya 5 KK na baadaye na Dola la Roma kwa jimbo lake.