British siyo lazima awe Mwingereza

Wadau, hapa Rau na Moshi mjini vijana kibao tunaishi kwa wageni wa mlimani, ama unabeba mizigo ama unaongoza. Mgeni akisema yeye ni British, sisi fasta tunamwita Mwingereza. Kama katokea Glasgow atanuna, na tipu inaweza kwenda na maji.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kina neno moja tu. Mwingereza linafanana na Ingilizi la Waarabu na Inglês la Wareno, yote yanatokana na watu wa England. British ni neno jingine, tena kongwe zaidi. Mgiriki Pytheas alifika visiwa vile karne ya 4 kabla ya Kristo, na Wagiriki wakaviita Pretanike. Warumi wakaja na Britannia yao. Mwaka 1707 England, ikiwa na Wales ndani yake, iliungana na Scotland kuwa Great Britain, hapo British likawa jina la wote. (Ireland ya Kaskazini usiniulize sana, ila mkataba wa 1998 unamruhusu mtu wa kule ajiite British, Irish au yote mawili.)

Wapenzi wa soka mtanielewa haraka. Ryan Giggs ni Mwelisi, timu yake ya taifa ni Wales, ndiyo maana hakucheza Kombe la Dunia hata moja. Lakini Olimpiki ya London 2012 alikuwa nahodha wa Great Britain. Hata Joseph Thomson, yule mpelelezi aliyefika kwa Mangi Rindi hapa Moshi mwaka 1883, alikuwa Mskoti.

Sasa wazee wetu wanaosema "enzi za Mwingereza", kuanzia 1916 hadi 1961, wao walikuwa British? Thubutu! Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, siyo koloni. Kwa sheria ya uraia ya 1948, mzaliwa wa Taveta, hapo ng'ambo tu ya mpaka, alihesabiwa raia wa Uingereza na Makoloni. Babu yako wa Rau aliitwa "mtu anayelindwa". Analindwa, uraia hana! Kodi lakini walilipa wote wawili.

Kwa hiyo mkiwa getini Marangu au Machame, mtu wa Scotland mwite Mskoti, wa Wales Mwelisi. Kama hujui, muulize tu katokea mji gani. Mwenyewe atakupa hadithi mpaka Mandara.