Nilichomjibu yule mama kuhusu viziwi

Kwenye kikao cha wazazi shuleni, mama mmoja alinishika mkono akanipongeza. Binti yangu Zuhura amechagua kusoma lugha ya alama badala ya Kihispania, na yule mama akaona tumepata bahati kubwa kuja huku, "maana kule Afrika viziwi si huwa wanafichwa ndani?" Nikamjibu. Mume wangu anasema sauti yangu ilifika hadi kwenye meza ya chai, na tangu siku ile naambiwa nilikuwa mkali. Basi ngoja nieleze.

Tunaishi Frederick, Maryland. Mji huu una shule ya viziwi tangu 1868, na wengi wanaosoma hapo huwa hawaondoki, au wakiondoka wanarudi kulea watoto wao. Ukikuta watu wawili wanabishana kwa mikono kwenye foleni ya dukani, hakuna anayegeuka.

Mimi kilichonishinda ni simu. Jirani yetu wa ghorofa ya juu ni kiziwi, na anapiga simu kuliko mimi. Anakaa mbele ya skrini, anamwonyesha alama mkalimani aliyeko mahali pengine kabisa, na mkalimani anampigia fundi bomba na kuongea kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Hasemi "huyu dada anasema", anasema "mimi". Mara ya kwanza kupokea simu yake nilisikia sauti nzito ya kiume ikiniambia, "Jirani, leo mimba imenilemea, naomba unisaidie kupandisha mizigo." Huduma hiyo hailipii, fedha zinatoka kwenye mfuko unaochangiwa na kampuni za simu. Mafundi wengine wanakata simu wakidhani wanauziwa bima, naye anapiga tena, na tena.

Mlangoni kwake ukibonyeza kengele, taa za sebuleni zinawaka na kuzima. Akitaka kumwita mumewe anapiga sakafu kwa mguu ili mtikisiko umfikie. Sisi tuko chini yao, tunajua ratiba yao yote.

Sasa Wamarekani wanaongea kana kwamba haya yote waliyakuta yakiota bustanini. Huduma ya simu imo kwenye sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990. Miaka miwili kabla yake, Machi 1988, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet kule Washington walifunga milango ya chuo chao. Chuo cha viziwi, kilichopewa idhini ya kutoa shahada mwaka 1864 kwa saini ya Lincoln, kilikuwa hakijawahi kuongozwa na kiziwi hata siku moja, na bodi ikamchagua tena mtu anayesikia, Elisabeth Zinser, huku wagombea wawili wa mwisho waliobaki ni viziwi. Wiki moja ya maandamano, Zinser akajiuzulu, na I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi. Miaka 124!

Na hiyo lugha ya alama wanayojivunia, mwalimu wake wa mwanzo alikuwa Mfaransa kiziwi, Laurent Clerc, aliyeletwa kwa meli kusaidia kufungua shule ya viziwi ya Hartford mwaka 1817. Ndiyo maana kiziwi wa hapa na kiziwi wa London hawaelewani kwa alama, ingawa nchi zao zote zinaongea Kiingereza. Mwaka 1880 walimu wa viziwi wakakutana Milan, karibu wote wanaosikia, wakapitisha kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusema na kusoma midomo, alama ziachwe. Wajumbe wa Marekani walipinga, nawapa haki yao. Ila shule zao nyingi zilifuata upepo uleule, na mtoto aliyeonekana akitumia mikono darasani aliadhibiwa. Alexander Graham Bell, yule wa simu, mama yake alikuwa kiziwi na mke wake pia, lakini mwaka 1883 aliandika kuonya kwamba viziwi wakioana watazaa kabila la viziwi.

Hapo sijafika kwenye rangi. Shule ya Kendall, iliyo ndani ya uwanja wa Gallaudet, ilikataa watoto weusi. Walipelekwa Baltimore kulala bwenini. Louise Miller, mama wa mtoto kiziwi, aliishtaki bodi ya elimu ya Washington na kushinda mwaka 1952. Wakawapokea watoto, wakawawekea jengo lao pembeni. Andrew Foster, wa Alabama, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada Gallaudet, mwaka 1954. Alipomaliza akaenda Ghana, 1957, akafungua shule ya viziwi, kisha nyingine nyingi katika nchi nyingi za Afrika. Alifia kule kwetu Afrika, kwenye ajali ya ndege Rwanda, 1987.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama: Uganda waliandika lugha ya alama kwenye katiba mwaka 1995, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya. Nyinyi katiba yenu inasema nini? Hapo ndipo inasemekana nilipaza sauti.

Tena mjomba wangu, kiziwi tangu kuzaliwa, hakufichwa na mtu. Alikuwa seremala Ngamiani, Tanga, na barabara nzima ilijua kumwagiza kitanda kwa mikono na kupatana naye bei kwa mikono. Shule, kweli, hakusoma. Ile ya viziwi ya Tabora ilipofunguliwa 1963 tayari alikuwa na randa mkononi.

Zuhura nilimsimulia habari za mjomba nikitegemea ataguswa. Akauliza alama yake ya "kitanda" ilikuwaje, nikamwonyesha, akaniambia hiyo kwa mwalimu wake ni kosa. Sasa amemfundisha mdogo wake, na chakula cha jioni kimekuwa kimya cha kutia shaka. Wanaangaliana, mikono inapita juu ya wali, wanacheka, mimi nauliza kuna nini, "hakuna, mama". Juzi nimemwona mdogo akifanya alama fulani kila nikigeuka kuchota mchuzi. Nimeuliza kwa jirani. Jirani amecheka, amekataa kunitafsiria.

Na wameiga kuitana kwa kupiga sakafu na kuwasha taa. Taa naweza kuvumilia. Sakafu ni shida, maana chini yetu anakaa mzee anayesikia vizuri kabisa, na barua yake ya malalamiko iko hapa mezani inangoja nimalize kuandika haya niijibu.