Mkutano wa kwanza wa AA haukukufaa? Jaribu mwingine kabla hujarudi baa

Umejikaza wiki nzima hadi ukaenda. Ukakuta wanaume wa umri wa babako wakiongea Kiingereza cha ofisini, mmoja akataja Mungu, kikapu cha pesa kikapitishwa, ukatoka ukijiambia: hapa si pangu. Kesho yake ukarudi kwa keg.

Wengi huishia hapo, na si kwamba hawataki kuacha. Walidhani chumba kile ndicho AA yote.

Alcoholics Anonymous ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, walevi wawili walipogundua kwamba kuongea wao kwa wao kunawasaidia wasinywe. Mpaka leo hakuna bosi anayeamua kila mkutano uweje. Kila kundi hujiendesha. Ndiyo maana kundi la Jumanne linaweza kukuchosha, na la Alhamisi, mtaa wa pili, likakufanya ujisikie nyumbani.

Lakini kwanza, usalama. Kama unakunywa sana kila siku na asubuhi lazima utoe loki ndipo mikono iache kutetemeka, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege, hata ukafa. Muone daktari kwanza. Mkutano si hospitali.

Sasa, unaupataje? Nchini Kenya, namba 1192 ya NACADA ni ya bure na washauri wake watakuelekeza pa kupata msaada. Uliza pia kwenye kituo cha kurekebisha tabia kilicho karibu, maana vingi vinafuata hatua 12 za AA na wafanyakazi wake wanajua makundi yanakutana wapi.

Ukipata mtu wa kundi kwenye simu, swali la kwanza liwe hili: mkutano ni wa wazi au wa wahusika pekee? Ule wa wazi anaingia yeyote, hata dadako akitaka kukusindikiza. Wa wahusika pekee ni wa wenye tatizo la pombe tu. Kuingia huku hakuhitaji barua wala kipimo. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Uliza pia wanatumia lugha gani. Watu huona haya kuuliza, ilhali ni vigumu kusema ya moyoni kwa lugha uliyoijulia darasani.

Halafu angalia saa. Kwa maoni yangu hili ndilo linalopuuzwa zaidi. Kama wewe hulewa Ijumaa jioni baada ya kazi, mkutano wa Jumapili asubuhi haukuokoi Ijumaa. Tafuta ulio kwenye saa yako ya hatari. Na njia ya kwenda huko isipite mbele ya baa yako, tafadhali. Kama nauli ni shida, kuna mikutano ya mtandaoni, ingawa bando nayo si bure.

Suala la dini linawasumbua wengi. Makundi mengi hukutana kwenye kumbi za makanisa kwa sababu ni rahisi kuzikodi, lakini AA si ya kanisa lolote. Hatua zake zinamtaja Mungu, na kila mtu anaachiwa amwelewe kwa namna yake. Mwislamu wa Mombasa haombwi kubadili chochote. Kama hata hilo linakukwaza, SMART Recovery, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, haina mambo ya dini na ina mikutano ya mtandaoni.

Kikapu je? Hakuna ada. Wanachama huchangia ukumbi na chai, mgeni hadaiwi.

Usiri ni ahadi ya heshima, si sheria. Kwa kawaida hutajwa jina la kwanza tu, na ya mle hubaki mle. Hata hivyo siku za mwanzo usimwage yote. Mambo ya kesi na ya kazini yangoje mpaka umjue unayeongea naye.

Kina dada, kuna hili pia: kwenye AA kuna utani kuhusu "hatua ya 13", yaani mkongwe anayemtongoza mgeni. Utani ule una ukweli ndani yake. Kwa hiyo mdhamini wako, yule mzoefu anayekushika mkono kwenye hatua, kwa desturi awe wa jinsia yako. Na ukijisikia vibaya chumbani, ondoka. Kuna makundi ya wanawake pekee.

Kwani inafaa kuhangaika hivi? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kwamba programu za kuwaingiza watu AA zilisaidia wengi kukaa bila pombe kuliko tiba nyingine zinazotambulika, kama ya kubadili fikra na tabia. Si kila mtu hupona. Ila si porojo.

Al-Anon, iliyoundwa mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi, huwashauri wageni wahudhurie angalau mikutano 6 kabla ya kuamua. Hesabu hiyo inamfaa hata mnywaji mwenyewe, na ni vyema mikutano hiyo isiwe ya kundi moja. Kila unapotoka, ondoka na namba ya simu ya mtu mmoja, kisha umpigie siku hiyohiyo, hata kama ni kumsalimia tu. Kumpigia saa tano usiku ukiwa umesimama nje ya baa ni kugumu zaidi kama hamjawahi kuongea.